Mshale wa Rangi Nyeupe

Jumapili, 3 Machi

Wifi kanipa daftari hili. Anasema hasira zangu niziandike humu, nisizimwage kwa mumewe kila Jumapili, maana zikishamwagwa kule yeye ndiye anayelala nazo. Haya, wifi. Na kwa kuwa nakujua, utachungulia tu, basi nitaeleza tangu mwanzo, wewe ambaye miaka yote hii unadhani tunashindana mbio.

Hatushindani mbio. Pikipiki zetu hazina hata kiti. Unasimama juu ya vikanyagio na kuipandisha kwenye miamba, magogo na vijito, taratibu kabisa, bila kuweka mguu chini. Mguu ukigusa mara moja, pointi moja. Mara mbili, mbili. Zaidi ya hapo, tatu. Ukianguka, tano. Mwenye pointi chache ndiye bora. Kila mpandaji ana mdakaji wake, anayesimama juu ya mwamba mikono wazi ili pikipiki ikipinduka aidake kabla haijakulalia. Akiigusa tu, tano pia, lakini mbavu zako zinabaki nzima. Mdakaji wangu ni mumeo, kaka yangu, fundi matairi, anayechechemea na anayejua kila kitu duniani.

Msimu una raundi tano. Mwishoni watano wa kwanza wanabaki daraja la juu, wengine wanashushwa. Mimi nipo huko juu mwaka wa tisa, na mwaka jana nilikuwa wa tano kwa kudra tu. Nina miaka arobaini na moja na goti linalotabiri hali ya hewa. Nikishushwa sasa, sipandi tena. Najijua.

Goti limesema kweli: mvua imeanza mchana huu.

Jumanne, 5 Machi

Duka la vipuri linasema tairi jipya la nyuma halifiki mpaka msimu uishe. Muuzaji alisema "pole, dada" huku anaangalia simu yake. Pole yako baki nayo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimetoka kazini mikono imeiva kwa mvuke. Mashuka mia tatu ya hospitali, yote nimeyapiga pasi mimi na mwenzangu mmoja anayekohoa. Ndiyo maana Kaka ananiita Pasi, ingawa yeye anasema ni kwa sababu nashika moto haraka.

Nikapitia karakana kwake. Kompresa ilikuwa inakoroma, beseni la kutafutia pancha lina maji meusi kama kawaida. Nikainamisha pikipiki yangu nikapitisha kidole gumba kwenye meno ya tairi la nyuma. Kila jino lina kingo mbili. Ule unaosukuma mwamba umeliwa, umekuwa wa mviringo kama kipande cha sabuni cha wiki jana. Ule wa upande wa pili bado mkali, haujafanya kazi yoyote tangu tairi linunuliwe.

"Kaka," nikasema, "tulitoe kwenye rimu, tuligeuze, tulirudishe. Ule ukingo mkali ndio usukume."

Hakuinua hata kichwa. "Tairi lina mshale."

"Mshale umewekwa na mtu ambaye hajawahi kuona jiwe letu hata moja."

"Mshale ni mshale, Pasi. Unaonyesha tairi linakoelekea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu lililovunjika hapa ni la mkuu mwenyewe!"

Nikajuta kabla sijamaliza. Miaka kumi na moja iliyopita Kaka ndiye aliyekuwa anaongoza msimu. Asubuhi ya raundi ya mwisho aligeuza tairi lake, na kwenye mwamba wa mwisho pikipiki ikapinduka, ikamlalia, nyonga ikavunjika. Hajapanda tena. Tangu hapo ukimtajia kugeuza tairi ni kama umemtukania mama. Huu mshale wangu ulishasuguliwa na mawe mpaka hauonekani, basi kila Ijumaa anaupaka upya kwa brashi, rangi nyeupe ya mafuta, pande zote mbili, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

Mdakaji wake siku ile nilikuwa mimi. Hilo sitaki kuliandika.

Jumapili, 10 Machi

Raundi ya kwanza. Mvua. Miamba ina utelezi wa kijani. Nimekuwa wa tano.

Kwenye gogo la tatu gurudumu la nyuma lilizunguka mahali pamoja kama kinu, halikushika, nikarudi nyuma taratibu huku nalitazama gogo likiniaga. Tano. Kaka akadaka. Akasema, "Upepo ulikuwa mwingi kwenye tairi."

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Mashuka hayakauki. Nimeungua kiwiko.

Jumapili, 24 Machi

Raundi ya pili. Tumepunguza upepo mpaka tairi linabonyea kwa kidole. Bado linateleza. Kaka sasa anasema tatizo ni klachi, naiachia kwa pupa. Klachi! Nimeanza kuachia klachi yeye akiwa bado anajifunza kufunga ndoa.

Anayenifuata kwa pointi ni Mwalimu, mwalimu wa hesabu, mtu mwenye furaha isiyo na sababu. Anakuja na chupa ya chai na kumimina kila mtu, hata anayemkimbiza. "Karibu chai, Pasi, upoe." Nikanywa. Chai yenyewe nzuri, ndicho kinachoniudhi.

Jumatatu, 25 Machi

Nimemwomba tena. Hapana.

Jumanne, 26 Machi

Nimemwomba tena. Hapana, na safari hii alikuwa anapiga mluzi.

Jumapili, 7 Aprili

Chakula cha mchana kwa Mama. Mimi na Kaka hatuzungumzi. Tumekaa meza moja, viti vinagusana.

"Wifi," nikasema, "mwambie mumeo anipe chumvi."

"Mke wangu, mwambie wifi yako chumvi iko mbele yake. Kama haioni hiyo, ataionaje njia ya kupandia mwamba?"

Wifi akasogeza sahani yake, akasema yeye si posta. Mama akasema tulipokuwa wadogo tuligombania ndoo moja mpaka ikatoboka, na hakuna aliyeoga.

Jumapili, 14 Aprili

Raundi ya tatu. Mvua, mvua, mvua. Nilianguka kwenye kijito nikanywa maji ya matope. Tano. Tena. Kwenye mwamba wa saba gurudumu lilizunguka pale pale. Tano. Kaka alikuwa juu ya jiwe, anashuka kwa kukalia matako kwa sababu nyonga haimruhusu kuruka. Nilimwona uso umekunjamana. Badala ya kumhurumia nikapiga kelele, mbele za watu: "Umeona? Umeona mshale wako unakoelekea? Unaelekea mtoni!"

Watu wakacheka. Yeye akainua pikipiki peke yake, akanipa usukani.

Nimebaki wa tano.

Alhamisi, 18 Aprili

Wifi kaja kazini kwangu na mwavuli uliovunjika, kasimama katikati ya mvuke. Kasema Kaka anameza vidonge viwili kila Jumapili kabla ya kwenda kwenye mawe, na Jumatatu hainuki mpaka saa nne. Kasema nisimwambie kwamba ameniambia.

"Basi aache kudaka," nikasema. "Atafutwe mwingine."

"Mwambie wewe."

Sikumwambia. Nina mdomo wa kila kitu isipokuwa hilo.

Jumapili, 28 Aprili

Raundi ya nne. Nimebaki wa tano, Mwalimu wa sita, tofauti yetu pointi mbili tu. Imebaki raundi moja. Maji yamenifika shingoni.

Njiani kurudi, ndani ya gari la kubebea pikipiki, nilimwambia Kaka lile ambalo nimelibana toka Machi. Nilimwambia hana shida na tairi langu, ana shida na nyonga yake. Nilimwambia aliogopa siku moja miaka kumi na moja iliyopita na tangu hapo anaogopa kwa niaba yangu.

Akasema, "Sawa."

Hiyo tu. Angenitukana ningelala vizuri.

Jumatano, 8 Mei

Mvua. Sina la kuandika. Ninalo, lakini lote ni matusi.

Alhamisi, 16 Mei

Nilikuwa namkunjia Mama nguo. Nikamlalamikia habari ya tairi kwa mara ya mia. Akaniacha nimalize, akasema, "Mwache kaka yako na tairi lake. Asingekuwa na tairi la kulaumu, angemlaumu nani?"

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema soksi hizo si pea.

Nimelifikiria neno lile njia nzima. Silipendi.

Ijumaa, 17 Mei

Nimefanya. Potelea mbali.

Kaka alikuwa hospitali kwa daktari wa nyonga, kuanzia saa nane. Ufunguo wa karakana najua unakaa wapi, chini ya betri mbovu. Nikatoa gurudumu, nikatoa upepo, nikakanyaga ukingo wa tairi mpaka ukaachia rimu, nikaingiza vyuma viwili nikalitoa, nikaligeuza, nikalirudisha. Miaka ishirini ya kumtazama mtu akifanya kazi si bure. Kucha mbili zimekwenda.

Sasa mishale yake ikawa inaangalia nyuma. Angeiona tu, maana yeye haangalii meno, anaangalia mshale. Basi nikaifuta kwa petroli, nikachukua brashi yake, nikapaka mipya inayoangalia mbele. Nilitoa ulimi nje kama yeye.

Nilijisikia mwizi. Nilijisikia vizuri pia. Kesho kutwa tutaona nani ni mkuu.

Jumamosi, 18 Mei

Nilimkuta Kaka nyumbani kwake asubuhi, mpole ajabu, ananiuliza goti linaendeleaje. Alikuwa na rangi nyeupe kwenye kidole gumba. Nikadhani amegundua. Nikaficha kidole changu, nacho bado kina rangi.

Jumapili, 19 Mei

Ngoja niandike kabla mikono haijakakamaa.

Raundi ya mwisho ina vituo kumi na viwili. Mvua ilikuwa nyembamba, ile inayoingia shingoni bila hodi. Nilikagua tairi: mishale inaangalia mbele, rangi mbichi, kazi yangu. Nikapanda kituo cha kwanza nikiwa na uhakika wa mtu aliyeona majibu ya mtihani.

Nikateleza. Gurudumu likazunguka pale pale, kinu kile kile, nikaenda chini. Tano.

Nikasema ni bahati mbaya. Kituo cha pili, miguu mitatu chini. Tatu. Cha tatu, moja. Cha nne nikaanguka tena, tano. Cha tano na cha sita ni vya mchanga, nikavipita safi, lakini hata bibi yangu angevipita. Pointi kumi na nne. Mwalimu tisa. Ile akiba yangu ya pointi mbili ilishaliwa, nami niko nyuma kwa tatu.

Nilishuka nikaipiga teke pikipiki. Naandika kweli. Niliipiga teke, nikalia, nikapiga kelele, "Nimeligeuza na bado linateleza! Nimeligeuza!"

Kaka alikuwa anakuja kwa kuchechemea na kopo la maji. Akasimama. "Umeligeuza nini?"

"Tairi! Ijumaa! Ulipokuwa kwa daktari!"

Akaniangalia. Akaliangalia tairi. Akakaa chini kwenye tope, mtu mzima yule, taratibu kwa sababu ya nyonga.

"Pasi," akasema, "mimi nimeligeuza jana alfajiri."

"Umeligeuza wewe?"

"Nilitaka upate ulichokitaka. Ila sikutaka unione nimekubali, ungenicheka mpaka nife. Nikaifuta mishale, nikaipaka upya."

"Na hukuona meno?"

"Kulikuwa na giza bado. Niliangalia mshale. Ulikuwa unaangalia mbele."

"Niliupaka mimi!"

"Sasa ndiyo najua."

Nikapiga magoti, nikapangusa tope, nikapitisha kidole gumba. Ukingo unaosukuma ulikuwa wa mviringo. Sabuni. Lile lile, vile vile, kama lilivyokuwa toka Machi. Ndugu wawili, kila mmoja kamwibia mwenzake, na tairi limerudi mahali pake. Mwalimu alikuwa amesimama na chupa yake ya chai. Akaenda kucheka nyuma ya gari. Simlaumu.

Muda una kikomo. Ukichelewa kumaliza, kila dakika ni pointi moja. Kaka akatazama saa, akasema, "Leta vyuma."

Tukaligeuza palepale, matopeni, hadharani, yeye chuma kimoja na mimi kimoja. Yeye anakanyaga, mimi nainua. Hakuna aliyemwamuru mwenzake. Tulipokuwa tunapiga pampu nikamuuliza, bila kumwangalia, "Kama kugeuza ndiko kulikokuangusha mwaka ule, kwa nini jana umenigeuzia?"

Akaendelea kushika valvu. "Hakukuwa kugeuza."

Nilijua. Namwapia yeyote atakayesoma hapa kwamba nilijua miaka yote. Siku ile nilikuwa juu ya mwamba, kuna mtu aliniita, nikageuza shingo. Nilipoirudisha pikipiki ilishapinduka. Mikono yangu ilikuwa chini. Alipotoka hospitali kitu cha kwanza alichosema, mbele ya Mama na watu wote, ni kwamba tairi liligeuzwa vibaya, kosa ni lake. Na mimi nikanyamaza, nikaacha iwe hivyo.

"Kwa nini ulilaumu tairi?" nikamuuliza.

"Tairi ukililaumu halilii," akasema. "Wewe ulikuwa umelia siku nne. Piga pampu, muda unakwenda."

Miezi mitatu nimempiga kwa fimbo aliyoishika kunikinga mimi. Sijui niiandike vipi aibu hii. Nilipiga pampu.

Vituo sita vilivyobaki: wifi, laiti ungekuwepo! Tairi liling'ata. Nilisikia meno yanauma mwamba, pikipiki inapanda kama inavutwa kwa kamba. Cha saba safi. Cha nane safi. Cha tisa, cha kumi, safi, watu wakaanza kunifuata. Cha kumi na moja, mguu mmoja, kwa sababu machozi yaliniingia machoni nisione jiwe. Cha kumi na mbili ni mwamba mrefu wenye maji. Katikati nilihisi naanza kwenda upande, na juu yangu nikaiona mikono ya Kaka, wazi, shibiri moja kutoka kwenye usukani, haigusi. Nikajinyoosha, nikapita. Safi.

Pointi moja tu, vituo sita. Mwalimu alipoteza tano. Ningebaki juu kwa pointi moja.

Lakini nilichelewa dakika tatu. Dakika tatu, pointi tatu. Nimeshushwa kwa pointi mbili.

Mwalimu alinipa mkono, hakuwa anacheka. Kaka alifunga pikipiki kwenye gari, akavuta kamba mara mbili kuhakikisha, akasema, "Tungeongea Ijumaa."

"Tungeongea toka miaka kumi na moja iliyopita," nikasema.

Jumatatu, 20 Mei

Mashuka. Nimeunguza moja.

Ijumaa, 24 Mei

Duka la vipuri limepiga simu. Tairi limefika. Wiki hii. Sasa! Nimecheka mpaka mwenzangu wa kazini akaacha kukohoa.

Nimelipeleka karakana hata hivyo. Kaka akakata karatasi, akaliweka juu ya rimu, meno yote makali, mshale mpya unaonekana vizuri kabisa. Akanipa chuma kimoja. Akauliza, "Upande gani?"

Hajawahi kuniuliza. Nikainamia rimu ili asinione uso, nikamjibu kwa ukali.

"Fuata mshale," nikasema. "Kwani huoni?"

Jumapili, 26 Mei

Mvua imekatika. Goti kimya.

Nilimwambia Kaka nimeacha, daraja la chini silitaki, pikipiki atafute wa kumpa. Akasema sawa. Akaitoa nje, mpaka kwenye mawe tunayofanyia mazoezi nyuma ya karakana. Nikadhani anaijaribu injini. Akachukua kofia yangu ngumu, akaivaa, ikambana masikio.

"Kaka, nyonga."

"Daktari kasema nitembeetembee."

"Hakusema juu ya hiyo!"

"Hakuniuliza." Akaonyesha jiwe dogo kuliko yote, linalofika magotini. "Wewe simama pale juu."

Wifi alikuwa dirishani, mikono mdomoni. Nikapanda juu ya jiwe. Kuna mtu barabarani alimwita mwenzake kwa sauti kubwa. Sikugeuka. Kaka akasimama juu ya vikanyagio, akaachia klachi, kwa pupa kuliko nilivyowahi kuachia mimi, gurudumu la mbele likapanda, la nyuma likashika.

Hakuanguka. Alishapita, alishazima injini, alishavua kofia, na mimi bado nilikuwa pale juu, mikono wazi.